Kukandwa Si Ushamba, Maji Moto Si Anasa

Wasee, leo naomba dakika kumi zenu, na naomba tusikosane mpaka nimalize.

Kuna uongo mmoja tumeukubali hapa Kangemi bila hata kuuliza bei. Unasema hivi: mwili wa mtu wa Lavington ukichoka unahitaji kupumzishwa, lakini mwili wa mtu wa Kangemi ukichoka unahitaji kuzoea. Yule akiumwa na mgongo anaambiwa akakandwe kwenye maji ya uvuguvugu. Huyu wetu akiumwa na mgongo anaambiwa, "Meza tembe mbili ulale, kesho uko mjengo." Mgongo ni ule ule. Mifupa ni ile ile. Tofauti iko kwa bomba.

Nimeamua kuliandikia hili kwa sababu kila nikigusia mambo ya kukandwa na maji moto, majibu ni mawili. Kundi la kwanza linacheka: "Hizo ni mambo za wazungu na watu wa Karen." Kundi la pili linacheka pia: "Hizo ni mambo za ushago, za shosho." Sasa hebu tulieni. Kitu kimoja hakiwezi kuwa cha matajiri sana na cha washamba sana kwa wakati mmoja. Mmoja wenu anadanganya, na mimi nasema ni nyinyi wote wawili.

Tuanze na hiyo ya wazungu. Kuna tiba inaitwa Watsu. Ilianzishwa na Harold Dull kwenye chemchemi za maji moto za Harbin, California, karibu na mwaka 1980. Jamaa alikuwa amesomea shiatsu, ule ukandaji wa Kijapani wa kubonyeza mwili kwa vidole na viganja. Akawaza: kwa nini mtu alale kwa mkeka na anaweza kuelea? Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la maji likiunganishwa na shiatsu. Unaingia kwenye dimbwi, maji yanakufika kifuani, joto ni nyuzi 35 hivi, karibu sawa na ngozi yako. Anayekukanda anakushika kichwa na kiuno, unaelea chali, anakuzungusha polepole, ananyoosha mikono, shingo, mgongo. Hakuna stori. Hakuna simu.

Kwa nini inafanya kazi? Si uchawi. Maji ya kifuani yanabeba karibu theluthi mbili ya uzito wako. Goti lililobeba mifuko ya simiti wiki nzima linapata likizo. Na kwa sababu maji hayana baridi wala hayachomi, mwili hauna cha kupigana nacho. Misuli iliyokaza tangu asubuhi inaachilia yenyewe. Basi. Hiyo ndiyo siri yote watu wanalipia maelfu.

Sasa turudi nyumbani. Kangemi imejaa watu wa Magharibi, na pia Wakikuyu, Wakamba, Wakisii, Wajaluo. Ukiuliza mama yeyote aliyezaa akiwa na mama mzazi au mama mkwe karibu, atakuambia alikandwa. Asubuhi na jioni. Sufuria kubwa kwa jiko, karai, taulo nzito au kipande cha leso, maji ya moto, na mikono ya mtu anayemjali. Mgongo, tumbo, miguu, matiti yakiwa yamejaa. Huko Pwani mzazi anakaa arobaini, na hizo siku 40 kuna mtu kazi yake ni kumwosha, kumkanda na kumlisha. Hakuna aliyeita hiyo anasa. Ilikuwa ni kazi ya lazima kama kupika.

Na msiniambie maji moto ya kuogea pamoja ni mambo mapya Afrika Mashariki. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna mtaa unaitwa Hamamni. Umeitwa hivyo kwa sababu ya hamamu, bafu za umma za mtindo wa Kiajemi zilizojengwa wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Bafu za umma, wasee. Vyumba vya maji moto katikati ya mji, ambapo mtu ambaye nyumbani kwake hakuna bafu angeweza kuingia akatoka amekuwa mtu tena. Zaidi ya miaka 130 iliyopita! Siku hizi watalii wanalipa kiingilio kuona mabeseni makavu, na sisi tunaambiwa maji moto ni kitu cha kuota.

Kwa hivyo wewe unayesema ni ushamba, sikiza. Ukienda spa ya Westlands ukalazwa kwa kitanda cheupe, ukapakwa mafuta na kuwekewa taulo moto mgongoni, unapiga picha na kuandika "nimejipenda leo." Mama yako akikuwekea taulo moto mgongoni bure, unaona aibu marafiki wakiingia. Taulo ni lile lile! Tena nikuongeze: baadhi ya mikono inayokukanda huko Westlands inapanda matatu jioni ikirudi kulala hapa hapa kwetu. Inakanda migongo ya watu kutwa nzima, ikifika nyumbani haina maji ya kujioshea. Hilo halikuumi?

Lakini pia sitawaacha wauza spa walale salama. Wengine wenu mnaongea uongo mkubwa. Eti maji moto yanatoa sumu zote mwilini. Sumu zinatolewa na ini na figo, hizo kazi hazijapewa karai. Eti ukielea mara moja, majeraha yote ya utotoni yanatoka na mvuke. Mtu anaweza kulia kwenye maji, ndiyo, kwa sababu pengine ni mara ya kwanza kwa miezi mingi mwili wake umeachwa utulie. Hiyo ni kitu cha maana sana. Lakini kulia si kupona, na mtu aliyevunjika moyo anahitaji zaidi ya dimbwi. Na kuna wale walioharibu neno lenyewe "masaji" kwa yale matangazo yanayobandikwa kwa nguzo za stima mjini, mpaka mtu akisema amekandwa watu wanakonyezana. Mmefanya kazi ya heshima ionekane uchafu.

Ukweli uliopo ni mdogo kuliko matangazo, na bado unatosha. Watafiti wamepima watu wenye magoti na nyonga zilizochakaa wakifanya mazoezi ndani ya maji. Wanapata nafuu, ingawa ndogo na ya muda. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walikusanya tafiti nyingi za kuoga na usingizi. Wakaona kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42 na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, kunamsaidia mtu kushikwa na usingizi mapema, kwa wastani wa dakika kumi. Damu inakuja kwenye viganja na nyayo, joto la ndani linashuka, mwili unajua ni usiku.

Dakika kumi utasema ni kitu gani? Muulize mtu anayeamka saa kumi alfajiri kutembea mpaka Industrial Area kutafuta kibarua. Muulize mama fua aliyeinama juu ya karai la mtu mwingine Loresho kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Muulize mlinzi aliyekuwa amesimama usiku kucha getini Mountain View. Hao watu dawa yao ya kulala ni tembe za maumivu za kununua mbili mbili dukani, kila siku, mwezi baada ya mwezi. Na tembe nyingi za aina hiyo zikitumiwa hivyo zinachoma tumbo na kuumiza figo. Hakuna anayewaambia. Wakija kujua, ni kwa foleni ya hospitali.

Na sisi wenyewe tujiambie ukweli pia, maana mapenzi bila ukweli ni kudanganyana. Kuna akina mama wanachomwa kwa jina la mila. Maji ya kuchemka si dawa. Kama mkono wako wewe unayekanda hauwezi kukaa ndani ya hayo maji, basi ngozi ya mzazi haiwezi pia. Mama aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala kumwagiwa maji moto juu ya mshono kabla daktari au nesi hajasema kidonda kimefunga. Tumbo la mzazi yeyote halikandamizwi kwa nguvu "litoke damu mbaya." Damu ikitoka nyingi, homa ikipanda, kichwa kikiuma vibaya, macho yakiona giza, weka karai chini na mpeleke hospitali usiku huo huo. Na mwenye mimba, presha au shida ya moyo asiingie maji ya moto sana bila kuuliza. Kukanda ni kutunza. Ikianza kuumiza, imeacha kuwa kukanda.

Hapo nimemalizana na wanaocheka na wanaodanganya. Sasa tufike kwa shida yenyewe, kwa sababu hata tukikubaliana wote leo, kesho asubuhi bado kuna swali moja: maji yako wapi?

Tupige hesabu ya mzazi mmoja anayeishi chumba kimoja hapa kwetu. Kumkanda mara mbili kwa siku, kuosha mtoto, kufua nepi na leso, sema mitungi mitatu ya lita 20, na hapo nimebana sana. Mtungi tuseme ni shilingi 20, siku ambayo muuzaji ana roho nzuri. Hiyo ni 60 kwa siku. Mkebe wa makaa wa shilingi 100. Jumla 160. Mara siku 40: shilingi 6,400. Kwa nyumba nyingi hapa, hiyo ni kodi ya mwezi au zaidi. Na wiki ile mifereji inakauka, mtungi unapanda mara mbili.

Utasema atumie koili ya stima. Mwenye ploti amekataza koili, na ukipatikana nayo unakatiwa. Utasema ajioshee bafuni. Bafu ni moja, ya mabati, vyumba kumi na kitu mnapokezana, na mlango unashikwa na kamba. Mwambie mama aliyezaa juzi alale chali hapo apumzike, tuone.

Kwa hivyo mila haikufa kwa sababu vijana ni wazembe. Mila inakufa kwa sababu inahitaji maji, moto, nafasi na mtu wa kukaa nyumbani, na Nairobi inauza vyote vinne kwa bei ambayo hatuna. Shosho yuko Vihiga. Jirani anaenda kazini. Mzazi anatoka hospitali siku ya pili, anapanda ngazi za ghorofa ya nne akiwa ameshika mtoto na mfuko, na jioni anaulizwa kuna nini cha kula.

Novemba 27, 2015, Papa Francis alikuja hapa hapa Kangemi, kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Watu walijaa, barabara zikapigwa deki. Siku hiyo aliongea kuhusu maji. Alisema kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha urasimu ni dhuluma kubwa, hasa pale ambapo mtu anapata faida kutokana na shida hiyo. Viongozi walipiga makofi. Miaka imepita, mitungi bado inapanga foleni. Na si lazima uwe Mkatoliki kuona aibu hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ya kutosha! Haikusema ya kunywa tu na kuosha sufuria.

Sasa niwape kitu cha kuwakasirisha kidogo. Kila Jumamosi, Waiyaki Way hapa mbele yetu inajaa magari yakielekea Naivasha. Baadhi yanaenda Olkaria, ndani ya Hell's Gate, ambako kuna spa ya maji ya jotoardhi. Ni bwawa kubwa la buluu, maji yametoka chini kwenye visima vya mvuke. Ni ya KenGen, kampuni ambayo asilimia 70 ni ya serikali. Maana yake ni yangu na yako. Sina ubaya na hiyo spa. Waliofikiria kutumia maji ya visima vya stima kuogelea walifikiria vizuri. Ninachosema ni hiki: serikali hii inajua maji moto yanapumzisha watu. Inajua mpaka imechimba bwawa. Isije hapa kujifanya kwamba hilo ni wazo geni.

Ombi langu ni moja na nitalirudia mpaka lichoshe. Kangemi ipate bafu la umma la maji moto. Karibu na soko, au karibu na kituo cha afya. Upande wa wanawake, upande wa wanaume. Vyumba vichache vya wazazi vyenye kitanda cha kulala na mlango unaofungika. Bei ya shilingi chache, na mzazi wa siku 40 za kwanza asilipe. Kuwe na akina mama wawili watatu waliofundishwa kukanda vizuri, wakilipwa, wakijua dalili za hatari. Hao watu tuko nao tayari. Ni wale wale mnaowaita washamba.

Najua mtakachosema, kwa hivyo nijibu mapema.

"Itapashwa moto na nini?" Kupasha lita 20 kutoka baridi ya bomba hadi joto la kuoga ni kama nusu uniti ya stima. Na jua ni bure. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilitoa kanuni kwamba majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekwe mitambo ya sola. Ploti ya vyumba 20 inapita hizo lita kabla saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu mitambo ya sola juu ya paa za ploti zetu, halafu vuka barabara uhesabu za Loresho.

"Watu wa mtaa wataharibu." Kibera kuna vituo vilivyojengwa na Umande Trust pamoja na vikundi vya wakaaji: choo na bafu chini, na gesi inatoka kwa hicho hicho choo, watu wanapikia. Vinaendeshwa na wakaaji wenyewe na vinalipisha pesa kidogo. Mtu hulinda kitu akijua ni chake.

"Barabara na hospitali kwanza." Barabara tumeziona. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27, ikaja ikaishia James Gichuru, hatua chache kabla ya kutufikia. Kuhusu hospitali, sikatai hata kidogo. Lakini mtu asiyepumzika ndiye anayeijaza hiyo hospitali. Mgongo ukitunzwa leo ni kitanda kimoja kitakachokuwa wazi kesho.

"Wanaume wa hapa hawawezi kwenda kukandwa." Mwanaume wa hapa akishamaliza mjengo anaenda mahali na kunywa kitu cha kumfanya asisikie mwili. Anatafuta kile kile, mwili uachilie. Tofauti ni kwamba hiki kingine kinamrudisha nyumbani akiwa na mikono ya kufungua mlango.

Kwa hivyo MCA, kiti chako kina mwisho, na uchaguzi ukifika utakuja hapa stejini na fulana na unga. Mimi nitakuuliza swali moja mbele ya watu: mzazi wa Kangemi anakandwa wapi? Ukiniambia kuhusu taa za barabarani, nitauliza tena.

Na nyinyi wengine, wakati tunangoja: kama kuna mama amezaa kwenye ploti yenu wiki hii na shosho wake yuko mbali, mpelekee mtungi mmoja. Pasha moto kabla hujaupeleka.